"Mmiminiko" au "Kuhamia"? Mfano wa Kitengela

Neno la Kiingereza "influx" lina asili ya Kilatini: kutiririka kuingia ndani. Aghalabu tunalifasiri kuwa "mmiminiko", nomino itokanayo na "miminika". Kitenzi hicho kimo katika kauli ya kutendeka, ambayo humficha mtenda. Maji humiminika bila kuamua. Je, ndivyo ilivyo Kitengela, Kaunti ya Kajiado? La hasha. Waliotoka Nairobi walinunua ploti, nao baadhi ya wenyeji Wamaasai wakauza. Nyua zikawazibia nyumbu wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi njia ya kwenda nyanda za Athi-Kaputiei. "Hamia", kilichomo katika kauli ya kutendea, humwonyesha mtenda na aendako. Hivyo basi, "mmiminiko" ueleze wingi wa ghafla. Penye uamuzi na wajibu, tuseme "kuhamia".