Kasiksi, divai ya vilima vya Bushi

Mara nyingi tumesoma habari za jamaa za Ulaya ambazo tangu mababu zimeishi kwa kutengeneza divai. Baba humrithisha mwana shamba la mizabibu, na mwana humwonyesha mjukuu pipa lililojazwa kabla hajazaliwa. Tukisoma hayo twadhani ni mambo ya mbali. Kumbe mtu akitoka Bukavu asubuhi na kupanda kuelekea Kabare, au akishika njia ya Walungu, kabla ya jua kuwa kali amekwisha kupita penye miji mingi ya namna hiyo. Hamna mapipa humo, wala jina la jamaa halikuandikwa mlangoni. Mna migomba.

Divai ya Bushi huitwa kasiksi. Wako waiitao pombe, nasi hatutagombana nao, maana unga wa mtama huingia ndani yake. Lakini asili yake ni maji ya tunda yaliyochachuka, na divai yoyote duniani ni hiyo.

Kazi yenyewe yataka mikono mingi. Mkungu hukatwa ukiwa umekomaa na bado mbichi. Huchimbwa shimo, huwashwa humo moto wa majani makavu ya mgomba hata udongo ushike joto, kisha shimo hutandikwa majani mabichi na ndizi hupangwa juu yake, zikafunikwa kwa majani na udongo. Baada ya siku tatu au nne, na zaidi kama hewa ni ya baridi, zote zimeiva pamoja. Mkungu ulioachwa shambani hauivi hivyo, huiva chane kwa chane. Watoto huitwa kumenya. Ndizi zilizomenywa hutiwa katika hori la mti, lililochongwa mfano wa mtumbwi, na wanaume huzikanda kwa nguvu pamoja na nyasi ngumu. Nyasi hizo ndizo siri ya kazi. Ukikanda ndizi peke yake utapata uji mzito. Ukikanda na nyasi, nyama ya ndizi hushikwa na maji matamu hutengana nayo, yakatiririka safi.

Maji hayo huitwa mutobe, na watoto waliomenya hupewa fungu lao papo hapo, kwa kuwa bado hayana kileo. Yanayobaki huongezwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, yakafunikwa kwa majani mahali penye joto. Wanafunzi watauliza, nini hutendeka chini ya majani? Chachu, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, hula sukari ya ndizi na kuigeuza kuwa kileo na hewa ile itoayo povu. Baada ya siku moja hata tatu kasiksi i tayari. Lakini haingoji mtu. Siku chache tena, nayo imekuwa siki.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kubwa na zile jamaa za Ulaya. Wao hujisifia divai iliyokaa miaka mingi. Mshi hawezi kukuonyesha kasiksi ya babu yake; atakuonyesha migomba ya babu yake, iliyozaa machipukizi, na machipukizi yakazaa mengine, palepale nyuma ya nyumba.

Tena migomba hiyo ni ushahidi. Zamani, mtu wa Bushi aliyetaka mahali pa kukaa alimwendea mwami, au mkuu aliye chini yake, akatoa ng'ombe, akapewa ardhi kwa desturi iitwayo kalinzi. Alikaa nayo maisha yake yote, na mwanawe akairithi. Aliyeazima shamba kwa muda tu, kwa desturi ya bwasa, aliweza kulima maharagwe, lakini kupanda migomba alikatazwa; maana mgomba hukaa miaka mingi, na mwenye mgomba huhesabiwa kuwa mwenye ardhi. Kwa hiyo mji usio na migomba ulikuwa mji wa mgeni. Baba aliyempelekea mkwe wake kasiksi wakati wa kuposa alikuwa akimwambia pia, bila kufungua kinywa, kwamba binti yake hatakwenda kukaa katika ardhi ya kuazima.

Mapadre Weupe walipoanzisha misioni ya Nyangezi, mwaka 1906, waliikuta kazi hii imekwisha kuzeeka. Wao wenyewe hawakuwa wageni wa divai. Shirika lao liliwekwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, na huko Thibar, katika nchi ya Tunisia, walianza mwaka 1895 kulima shamba kubwa lililokuja kujulikana kwa divai yake. Hata hivyo kasiksi haikupata kuingia katika kalisi. Sheria ya Kanisa, katika kitabu cha 1917 na kile cha 1983, husema wazi kwamba divai ya Misa iwe ya asili, ya zabibu, isiyoharibika. Hata kawaida ya Misa iliyokubaliwa mwaka 1988 kwa majimbo ya nchi iliyoitwa wakati ule Zaire haikubadili jambo hilo. Basi divai ya altare ilipaswa kusafirishwa kutoka mbali. Wamisionari wa Italia walipopanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, katika miaka ya 1950, walipata nchi kavu iupendayo mzabibu. Bukavu mvua hunyesha karibu miezi tisa ya mwaka, na ukungu huozesha majani ya mzabibu. Kila nchi na mti wake.

Mwaka 1950 kiwanda cha Bralima kilianza kupika bia Bukavu, lakini chupa haikuiondoa kasiksi. Wanawake waliendelea kuishusha mjini, hata soko la Kadutu, siku hizi katika bidoni za plastiki, na fedha yake imelipa karo za shule nyingi. Hatufichi ya kwamba kinywaji hicho kimevunja nyumba pia, pale baba alipokunywa karo yenyewe. Tunajua kina mama waliouza bidoni moja kwa siri ili daftari inunuliwe, nasi hatuwalaumu.

Adui mkubwa kuliko Bralima alikuja kwa njia nyingine. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, Kivu ya Kaskazini, na baadaye ukashuka Kivu ya Kusini. Majani hugeuka manjano na kunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati, na ukizikata nyama yake ina madoa ya kahawia. Shina likikatwa hutoka usaha wa manjano. Hakuna dawa. Bakteria husafiri kwa wadudu wanaotua penye lile ua jekundu lining'inialo mwisho wa mkungu, na kwa panga la mwenye shamba mwenyewe. Migomba mingi ya kukamua ni mepesi sana kushikwa. Hivyo jamaa zilizorithi shamba zima kwa kalinzi zimeona urithi ukioza katika misimu michache.

Wataalamu waliojaribu dawa na desturi mbalimbali katika vilima vya Kivu wamegundua jambo moja jepesi: si machipukizi yote ya shina moja huambukizwa. Basi si lazima kung'oa kila kitu. Mgomba mgonjwa hukatwa chini kabisa, usawa wa udongo, mara uonekanapo. Panga hupitishwa motoni kabla ya kugusa mwingine. Na lile ua huvunjwa kwa mti wenye panda, bila kisu, mara chane ya mwisho ikiisha kutokea. Haya yafanywe shamba zima, na kwa jirani vilevile, maana nyuki hajui mpaka.

Aliyelazimika kung'oa yote hulima maharagwe kwanza, ndipo apande machipukizi safi, na mkungu wa kwanza haumjii upesi. Wakati huo hori la mti hukaa tupu ukutani, likapasuka kwa ukavu. Wazee hulitia maji siku kadhaa kabla ya mavuno, hata mti uvimbe na nyufa zifunge.