Bustani Jirani na Jiko Wakati wa Kiangazi

Masika yakikatika, huku kwetu Bukima mboga za kuchuma bure hupotea upesi. Mlenda hukauka, mgagani hubaki vijiti, kisamvu nacho hukomaa kikawa kigumu. Hapo mama huanza kutoa hela ya mboga kila siku, au watoto hula ugali kwa dagaa Jumatatu hadi Jumapili. Dagaa ni chakula kizuri, hatuwadharau, lakini mwili wa mtoto unahitaji majani na matunda pia.

Zamani wengi wetu tulilima bustani ufukweni. Maji yapo, udongo una unyevu, nani angependa kubeba ndoo? Usiku mmoja kiboko alipita kwenye kabichi zetu, asubuhi tukakuta nyayo tu. Hata hivyo siye aliyetuondoa kule. Kilichotuondoa ni kichocho. Watoto tuliowatuma kuchota maji ya kumwagilia walisimama ziwani hadi magotini, na vijidudu vya kichocho, vinavyotoka kwa konokono wa majini, huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Mtoto wetu mmoja alilalamikia tumbo kwa muda mrefu. Tukampa dawa ya minyoo, ambayo haiui kichocho, mpaka tulipoona damu kwenye choo chake. Alipewa prazikwanteli, akapona. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Basi tukarudi nyumbani. Mfalme Ahabu alimtendea Nabothi uovu mkubwa, lakini kwamba bustani ya mboga ifaa iwe karibu na nyumba, hapo hakukosea.

Shida ya nyumbani ni maji. Akina mama wenzetu, hebu tuangalie yale tunayomwaga. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende kwenye mchicha na sukuma wiki. Maji ya sabuni tunayaelekeza kwenye migomba na mipapai, wala hatuyamwagi juu ya majani tutakayokula.

Wakati wa mvua tuta huinuliwa. Kiangazi tunafanya kinyume chake. Tunachimba kitalu kikae chini kidogo kuliko ardhi, tunachanganya samadi iliyooza vizuri, kwa kuwa mchanga wetu hauhifadhi maji, kisha tunafunika kwa nyasi kavu. Tunamwagilia jioni au alfajiri. Miche huhamishwa jioni, na kwa siku chache huwekewa kivuli cha matawi. Na uzio wa miiba usisahauliwe, maana mbuzi wa jirani hajui kwamba umetoka jasho.

Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne hivi. Sukuma wiki tunachuma majani ya chini, ya juu yanaendelea kukua. Nyanya ndizo zenye matatizo, tangu kantangaze alipoingia nchini mwaka 2014. Majani na matunda yaliyotobolewa tunayachoma moto, hatuyatupi pembeni, na msimu unaofuata nyanya hazirudi mahali palepale, wala palipokuwa na bilinganya.

Kuhusu mpapai, usikate tamaa ukiona umezaa maua bila matunda. Huenda ni dume. Panda miche mitatu shimo moja, ikitoa maua ubakize jike, na dume mmoja kwa bustani nzima. Mche mchanga tunauzikia chupa ya plastiki iliyotobolewa vitundu, maji yanamfikia mzizi polepole.

Waume zetu walicheka mwanzoni, wakaita bustani zetu za watoto. Siku mafungu ya mchicha yalipolipa madaftari, mmoja alichukua jembe bila kuambiwa akachimba kitalu cha nne.

Mbegu hatununui kila mara. Tunaacha mashina mawili matatu ya mchicha yaliyonawiri, yanakomaa mpaka vichwa vinakauka, tunayapukuta juu ya ungo, tunahifadhi mbegu kwenye kopo kavu lenye majivu, juu ya kabati ambako panya hafiki.