Konokono Bapa wa Ghuba ya Speke

Ukitembea ufukweni mwa ziwa huku Bunda, kwenye Ghuba ya Speke, kuanzia Guta hadi Kibara, utayaona magamba matupu ya konokono yametapakaa mchangani. Mengine ni marefu, yamechongoka. Litafute lile bapa la kahawia, lililojiviringa kama kamba ya mtumbwi iliyokunjwa chini, kipenyo chake takriban milimita 15. Mwenye gamba hilo ni Biomphalaria, anayebeba kichocho cha tumbo.

Makao yake ni maji yaliyotulia: kwenye mashina ya mafunjo na matete, au chini ya magugu maji, anakokula mwani na majani yanayooza. Maji ya namna hiyo huwa na oksijeni kidogo, lakini yeye ana pafu la kuvutia hewa juu ya maji, na damu yake ina himoglobini kama yetu. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, hivyo hata akibaki peke yake anaweza kuzaa. Jamaa zake wengine huishi sakafuni mwa ziwa, mbali na majani. Kwa hiyo maji meupe yasiyo na majani si kinga.

Konokono huyu haanguliwi akiwa na ugonjwa. Sisi ndio tunaompelekea. Kinyesi cha mgonjwa kikifika ziwani, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu vyake humwingia konokono. Humo huongezeka kwa wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali mchana, vikitafuta ngozi ya binadamu. Ndiyo saa watoto wanapoogelea na kina mama wanapofua.

Dawa ya prazikwanteli huua minyoo mwilini, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena kesho yake akirudi majini. Kwa hiyo meza dawa inapogawiwa, na maji ya kuoga yachote, uyaweke siku mbili kwenye chombo kisicho na konokono. Vijidudu hivyo havidumu zaidi ya hapo bila kupata mwili.

Kumwangamiza konokono katika ziwa kubwa kama hili ni kazi isiyokwisha. Kilicho mikononi mwetu ni choo katika kila mwalo, kinachotumiwa na kila mvuvi. Konokono asiyefikiwa na kinyesi chetu hana kichocho cha kuturudishia.