Tezi Nne Ndogo na Kazi ya Moyo

Zamani vifaru walikuwako katika nchi ya Karagwe. Mwaka 1861 Mwingereza Speke, alipokuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika, aliwawinda huko. Leo watoto wengi wa Rugera humjua kifaru kwa picha tu. Walakini mnyama huyu ndiye aliyewaonyesha wataalamu kitu kilichofichika katika mwili.

Mwaka 1850 Richard Owen wa London alieleza habari za kifaru wa Bara Hindi aliyekufa katika bustani ya wanyama, ambaye yeye alimpasua. Katika shingo ya mnyama mkubwa vile aliona tezi ndogo sana ya rangi ya manjano. Kisha mwaka 1880 Ivar Sandström wa Sweden akaandika kwamba wanadamu nao wanazo. Kwa kawaida ni nne, kila moja ikikaribia ukubwa wa punje ya mchele, nazo hukaa nyuma ya ile tezi kubwa ya shingo ivimbayo mtu apatapo rovu.

Kazi yake ni kulinda kipimo cha kalsiamu katika damu. Kalsiamu ni kitu kilichomo katika chokaa, katika maziwa, na katika mifupa. Sehemu 99 katika 100 za kalsiamu ya mwili zimo katika mifupa na meno. Basi mifupa ni kama ghala, na tezi hizi ni kama mlinzi mwenye ufunguo. Kalsiamu ya damu ikipungua, tezi hutoa homoni, nayo huiamuru mifupa itoe akiba yake, na mafigo yasiipoteze katika mkojo. Ikitosha, tezi hutulia.

Je, ulinzi huu una haja gani? Moyo ndio ujibuo. Mwaka 1883 daktari Sydney Ringer wa London alieleza majaribio yake juu ya moyo wa chura. Moyo ule ulipotiwa katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya mfereji, uliendelea kupiga. Lakini katika maji yaliyosafishwa kabisa ulidhoofika hata ukasimama. Sababu ni kwamba maji ya mfereji wa London yalikuwa na kalsiamu. Kila pigo la moyo huhitaji kalsiamu iingie katika nyama yake, ndipo ujikaze. Kisha iondolewe, ndipo ulegee.

Lakini kitu kifaacho kwa kipimo hudhuru kikizidi. Pengine tezi moja huota uvimbe, ambao mara nyingi si saratani, ikatoa homoni bila kuangalia kipimo. Hapo mlinzi amekuwa mwizi, na ghala liko wazi usiku na mchana. Mifupa hudhoofika, mawe hufanyika katika mafigo, mgonjwa hupata kiu, uchovu na kufunga choo. Moyo nao hutaabika. Mapigo yake huweza kwenda ovyo, na shindikizo la damu kupanda. Nyama yake huweza kunenepa kupita kiasi, na kalsiamu kuganda katika mishipa na katika milango ya moyo, hata ikawa migumu.

Charles Martell, nahodha wa meli wa Marekani, alipatwa na maradhi haya. Mifupa yake ililegea hata kimo chake kikafupika. Kuanzia mwaka 1926 alipasuliwa mara sita, tezi yenye uvimbe isionekane. Mwaka 1932, mara ya saba, ilipatikana ndani ya kifua, wala si shingoni. Lakini mafigo yake yalikuwa yamekwisha kuharibika, naye akafa mwaka ule ule.

Siku hizi damu ikipimwa, kiasi cha kalsiamu hujulikana. Daktari mpasuaji akiiondoa tezi iliyozidi, zile zisaliazo hutosha kwa kazi. Kwa hiyo mtu mwenye afya asikimbie maziwa wala dagaa, kwani kosa si la chakula, bali ni la mlinzi. Lakini mtu aonaye kiu isiyokwisha, au mawe ya mafigo yarudiayo, au moyo uendao ovyo, asingoje mpaka ghala liwe tupu. Na aende hospitali mapema, apimwe damu yake.