Nani Aliichagua Spea Hii?

Mwaka 1999, katika wilaya ya Williamson, jimbo la Illinois nchini Marekani, wenye magari waliishinda kampuni ya bima ya State Farm katika kesi iliyowahusu wakata bima zaidi ya milioni 4. Madai yao yalikuwa mepesi kueleweka. Mkataba uliahidi kulirudisha gari katika hali lililokuwa nayo kabla ya ajali, kwa spea za aina na ubora uleule. Ajali zilipotokea, makadirio ya matengenezo yakaandikwa kwa spea za bei nafuu ambazo hazikutoka kwa mtengenezaji wa gari: bampa, fenda, boneti. Juri ikaona ahadi imevunjwa, jaji akaongeza fidia ya adhabu, na jumla ikapita dola bilioni 1. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Illinois ikafuta yote.

Mahakama hiyo haikusema kwamba spea zile ni nzuri. Ilisema, pamoja na mengine, kwamba mikataba ya watu wote hao haikuwa na maneno mamoja, na kwamba huwezi kujua kama spea fulani imeshindwa kulirudisha gari fulani katika hali yake bila kulitazama gari lenyewe. Baadaye kampuni ilishitakiwa upya, safari hii kwa madai kwamba ilifadhili kwa siri kampeni ya mmoja wa majaji walioifuta hukumu. Ilikanusha, lakini mwaka 2018 ikakubali kulipa dola milioni 250 ili kuimaliza kesi. Fedha hizo hazikujibu swali la spea hata kidogo.

Huku kwetu Afrika Mashariki swali hilo hufukiwa kwa karatasi moja. Mwenye bima kubwa akipata ajali, kampuni humtuma mtathmini, makadirio hupitishwa, na gari hupelekwa kwenye gereji ambayo mara nyingi imo katika orodha ya kampuni. Siku ya kulichukua, mwenye gari huwekewa mbele hati ya kuridhika atie sahihi. Gari limeoshwa, rangi inang'aa, naye amechoka kugombania daladala. Anasaini. Miezi miwili baadaye taa ya mbele inaingia maji, boneti inatikisika barabarani, na anapolalamika anaonyeshwa sahihi yake mwenyewe. Desturi hii si ya haki. Inamtaka mtu asiye fundi athibitishe ubora wa vitu vilivyofichwa chini ya bampa, tena kabla hajaliendesha gari hata kilomita moja.

Lazima tuwe waadilifu kwa upande wa pili pia. Si kila spea isiyo ya kiwanda ni hatari, na anayelalamikia kila skrubu huidhoofisha hoja yake. IIHS, taasisi ya Marekani inayoyafanyia magari majaribio ya kugonga, mwaka 1987 iligongesha Ford Escort iliyovuliwa fenda na shoo ya mbele, na mwaka 2000 ikafanya jaribio kama hilo kwa Toyota Camry. Ulinzi wa abiria haukupungua. Fenda ni vazi la gari. Bati lake likiwa jembamba litaota kutu mapema, mianya haitalingana, thamani ya gari itashuka, na hiyo ni hasara halisi ya kudai, lakini si suala la uhai.

Chuma kilicho nyuma ya bampa, povu la kunyonya mshindo, chesi, mikanda na mifuko ya hewa ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2017 juri ya Dallas, Texas, iliitwisha gereji moja fidia ya dola milioni 31.5 kwa wanandoa walioumia vibaya katika gari aina ya Honda Fit. Kabla hawajalinunua, paa lake lilikuwa limebadilishwa na gereji hiyo baada ya kupigwa na mvua ya mawe, likabandikwa kwa gundi mahali ambapo mtengenezaji aliagiza lichomelewe. Walilinunua na kuliendesha bila kujua. Ndiyo maana nasema mtu asibishane kwanza juu ya rangi. Aanze na kilicho chini yake.

Kuna hoja moja ya hapa Afrika Mashariki ambayo makampuni huiegemea sana, na inastahili jibu. Magari mengi tunayoendesha yameletwa kutoka Japani yakiwa yameshatumika miaka kadhaa. Kampuni husema: gari lako ni la zamani, hatuwezi kukufungia spea mpya ya kiwandani, maana utakuwa umepata faida kwenye ajali. Kanuni yenyewe ni ya kweli. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliieleza vizuri mwaka 1883 katika kesi ya Castellain na Preston: bima humfidia mtu hasara yake kamili, wala si zaidi. Lakini kanuni hiyo haizai haki ya kufunga spea feki. Spea inayolingana na ile iliyovunjika kwenye Toyota ya miaka kumi na miwili ni spea halisi iliyotumika, iliyoshushwa kutoka gari jingine la Japani, na mafundi wa Gerezani jijini Dar es Salaam na wa Kirinyaga Road jijini Nairobi wanazijua kwa macho. Mtathmini anayeruka chaguo hilo na kwenda kwenye nakala mpya ya bei ya chini hajazuia faida yoyote. Ameongeza hasara.

Kisha kuna suala la nani anawajibika. Mara nyingi mwenye gari huambiwa akagombane na gereji. Nalikataa jibu hilo. Kampuni ikichagua kutengeneza badala ya kulipa fedha taslimu, imejifunga kutengeneza inavyopasa. Msimamo kwamba uchaguzi wa namna hiyo huifunga kampuni ya bima ulishatamkwa na mahakama za Uingereza tangu 1859, katika kesi ya jengo lililoungua, na sheria zetu za bima zimekua juu ya msingi uleule. Aliyeteua gereji na kupitisha bei ndiye mwenye kujibu.

Illinois ilionyesha kwamba malalamiko hushinda au hushindwa kwa ushahidi wa gari moja moja. Kwa hiyo omba nakala ya makadirio yaliyopitishwa na risiti za spea, uzilinganishe. Iwapo makadirio yanasema spea halisi na iliyofungwa ni nakala, huo si ubishi wa ubora tena, ni udanganyifu wa bei. Dai spea zako za zamani zisitupwe. Piga picha za namba zilizochapwa kwenye spea na za mianya ya milango. Mlipe mtathmini wa kujitegemea akuandikie ripoti. Juu ya hati ya kuridhika andika kwa mkono wako kwamba umelipokea gari bila kukubali ubora wa spea, na kama gereji inakataa kulitoa, malalamiko yako kwa kampuni yaende kwa maandishi siku hiyohiyo.

Kampuni isipojibu, Tanzania ina mamlaka ya usimamizi wa bima, TIRA, pamoja na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambao wote wana mizizi katika Sheria ya Bima ya 2009. Kenya ina mamlaka yake, IRA, na pia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na hutakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60. Bampa, taa mbili na boneti huingia vizuri katika kiwango hicho.

Majimbo mengi ya Marekani yanalazimisha makadirio yataje waziwazi spea ambayo haikutoka kwa mtengenezaji wa gari. TIRA na IRA waagize jambo hilo hapa, mstari kwa mstari: spea hii ni mpya ya kiwanda, hii ni halisi iliyotumika, hii ni nakala, na imetengenezwa na nani. Mwenye gari apewe karatasi hiyo kabla fundi hajashika spana, naye awe na wiki kadhaa za kuliendesha gari kabla hajaombwa sahihi.