Mwanafizikia wa Jeshi la Majini na Nuru Iliyo Juu ya Upanga

Mkazi wa Upanga atokaye msikitini baada ya sala ya Isha, akaifuata barabara ya Umoja wa Mataifa kuelekea Daraja la Selander, kisha akainua uso wake juu, ataziona nyota kwa kadiri taa za mji zitakavyomruhusu, lakini ukanda mpana wa nuru uliotanda juu ya kichwa chake, kilomita mia tatu au zaidi kutoka kwenye mapaa, hatauona kabisa. Nuru hiyo ni hafifu mno, na sehemu yake kubwa tutakayoizungumza hapa ni ya urujuanimno, tena ya namna ambayo hewa tuivutayo huimeza yote kabla haijafika ardhini. Kamera iliyoupiga picha ukanda huo ikiwa imesimama juu ya mwezi ilitengenezwa na Mmarekani mweusi aliyelipwa mshahara na jeshi la majini muda wa miaka karibu arobaini, naye akiitwa George Carruthers.

Alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1939 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, akiwa kifungua mimba wa watoto wanne. Baba yake, aliyeitwa George vilevile, alikuwa mhandisi, na mama yake, Sophia, alifanya kazi katika idara ya posta. Waandishi wa habari zake hupenda kuikawilia darubini aliyoiunda akiwa na umri wa miaka kumi kwa mabomba ya karatasi ngumu na lenzi zilizoagizwa kwa posta, nami siwalaumu, kwani hadithi hiyo ni tamu. Ila kwa mtazamo wangu jambo zito zaidi lilitukia miaka miwili baadaye, baba alipofariki dunia na mama akabaki na watoto wanne wa kuwalea, akawahamishia Chicago. Nyumba iliyofikwa na msiba wa namna hiyo aghalabu humtazamia mwana mkubwa aache upesi mambo ya kutazama nyota, atafute ujira. Huyu hakuacha, alimaliza skuli ya Englewood mwaka 1957, akaingia Chuo Kikuu cha Illinois, na kufikia mwaka 1964 alikwisha kupata shahada ya kwanza, ya pili na ya uzamivu, zote katika uhandisi wa vyombo vya angani na wa nyuklia. Mwaka huo huo akaingia katika Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini huko Washington.

Msomaji ana haki ya kuuliza: jeshi la majini na nyota wapi na wapi? Jawabu limo katika redio. Maabara ile ilifunguliwa mwaka 1923, wakati manowari zilipokuwa zikijifunza kuzungumza na pwani kwa mawimbi ya masafa mafupi, na mara ikadhihirika kwamba mawimbi hayo huruka juu ya nchi za karibu yasisikike, kisha yakashuka mbali sana yakiwa na nguvu tele. Taylor na Hulburt, wataalamu wa maabara hiyo, walieleza katika miaka ya 1920 kwamba mawimbi hurudishwa chini na tabaka za hewa zenye umeme, ziitwazo ionosfea, ambamo jua huzing'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Kwa hiyo yeyote aliyetaka kuzungumza na merikebu zake hakuwa na budi kulijua jua na anga. Mwaka 1949 Herbert Friedman, aliyekuwa pale kabla ya Carruthers, aliweka ala zake ndani ya roketi ya V-2 iliyotekwa kwa Wajerumani, akapima eksirei zitokazo kwenye jua. Elimu hiyo ya eksirei za mbinguni ndiyo iliyokuja kufika hata pwani yetu, pale satelaiti iliyoitwa Uhuru iliporushwa kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970.

Mafundi wa redio wa Kariakoo waliijua ionosfea bila ya kuitaja kwa jina. Mteja aliileta redio yake akilalamika kwamba sauti usiku inakwenda na kurudi. Fundi akaifungua, akapuliza vumbi, akasugua swichi ya mita bendi kwa pamba iliyochovywa spiriti, akaijaribu mchana ikawa nzima, naye mteja akalipa na kwenda zake. Usiku ukaingia, na sauti ikaanza tena kuzama na kuibuka. Fundi hakuwa tapeli wala redio haikuwa mbovu; kilichoyumba ni zile tabaka za ionosfea. Na lau si tabaka hizo hizo zenye kero, Radio Tanzania Dar es Salaam isingaliweza kuzipeleka sauti za wapigania uhuru, wa FRELIMO ya Msumbiji na ANC ya Afrika Kusini wakiwamo, kwa masafa mafupi hadi kusini mwa Afrika ambako watawala wao hawakutaka zisikike.

Wakati vita vya Msumbiji vikiendelea, mwezi Aprili 1972, wanaanga wa Apollo 16 waliteremka katika nyanda za Descartes mwezini, na John Young akaisimamisha kamera ya Carruthers kwenye kivuli cha chombo chao. Ilikuwa na uzito wa kilo 22 hivi na imepakwa dhahabu ili isidhuriwe na joto. Ndani yake nuru ya urujuanimno ilipiga tabaka jembamba la chumvi, likatoa elektroni. Elektroni zikasukumwa kwa umeme wa nguvu nyingi, zikaongozwa kwa sumaku, zikaiandika picha kwenye filamu. Asili ya ufundi huo alikwisha kuipatia hataza mwaka 1969, na mwaka uliofuata ala yake iliyorushwa kwa roketi iligundua kwamba kati ya nyota zimo molekuli za haidrojeni, jambo lililokuwa likidhaniwa tu. Kwa kuwa jua la mwezini lilizidi kupanda na kivuli kusogea, Young alilazimika kuisogeza kamera mara kwa mara na kuielekeza kwa mkono. Filamu ililetwa duniani. Kamera yenyewe ingali huko huko.

Picha ziliposafishwa, dunia ilionekana imevikwa utando mkubwa wa haidrojeni, na upande wake wa usiku una mikanda ya nuru kandokando ya ikweta ya sumaku. Sababu yake ni hii: mchana, umeme wa angani pamoja na usumaku wa dunia huzinyanyua chembe za ionosfea juu ya ikweta hiyo, kama maji ya bomba lililopasuka barabarani, kisha zikatelemka kufuata mistari ya sumaku hadi nyuzi kumi na tano hivi kaskazini na kusini. Huko hurundikana, na usiku zikiungana tena na elektroni hung'aa. Ikweta ya sumaku, katika upande wetu wa Afrika, haipiti Kenya bali Ethiopia. Hesabu basi nyuzi kumi na tano kuelekea kusini, nawe utajikuta karibu na Dar es Salaam. Rundo hilo la elektroni, hasa baada ya magharibi katika miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, huweza pia kuzitikisa ishara za satelaiti ambazo simu ya dereva wa bajaji huzitegemea kuijua njia.

Carruthers mwenyewe alikuwa mtu mpole, mchache wa maneno, aliyependa kwenda kazini kwa baiskeli. Alistaafu mwaka 2002, lakini kustaafu kwake kulikuwa kuhamia darasani, akifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard na kuendelea kuwasaidia vijana wa skuli za Washington, kazi aliyokuwa amekwisha kuianza siku nyingi. Rais Obama alimtunuku nishani ya taifa ya teknolojia mwaka 2013. Alifariki tarehe 26 Desemba 2020, naye ana umri wa miaka 81. Na mwezi Septemba 2025 Wamarekani wakarusha chombo chenye jina lake, kikae kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa, kikiutazama ule utando wa haidrojeni ambao kamera yake ya mwezini iliupata kwa siku chache tu.