Kashata ya Tende na Mtama

Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki, kashata ni chakula kinachojulikana na wakubwa na wadogo. Hupikwa kwa nazi, au karanga, au ufuta. Huuzwa barazani pamoja na kahawa chungu, na watoto huinunua waendapo shuleni. Utamu wake watoka katika sukari iliyochemshwa mpaka ikawa nzito, ikamwagwa juu ya sinia, kisha ikakatwa vipande ingali na moto. Kashata hiyo ni tamu kweli, lakini sehemu kubwa yake ni sukari tu. Na sukari huupa mwili nguvu za muda mfupi bila kuujenga, tena huharibu meno.

Iko kashata nyingine isiyotiwa sukari hata chembe. Hutengenezwa kwa tunda lililokaushwa, nafaka iliyokaangwa, karanga na ufuta. Haihitaji tanuri wala vyombo vya thamani: kikaango, kinu, mchi na sinia vyatosha. Kipande chake kimoja humfaa mwanafunzi atembeaye mwendo mrefu kwenda shule, na msafiri kadhalika, maana ni kikavu, hakimwagiki, wala hakiozi upesi. Lakini kazi hii ina jambo moja kubwa, na asiyelijua aweza kuwalisha wenziwe sumu hali adhani awalisha chakula. Jambo hilo litaelezwa mahali pake.

Kwanza yafaa kujua kazi ya kila kitu kiingiacho katika kashata hii. Tende si ngeni pwani. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na ya Ghuba yalishuka kwa pepo za kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, yakiwa yamepakia tende. Zilipogeuka pepo na kusi ikaanza kuvuma, yalirudi kwao na boriti za mikoko. Karibu theluthi mbili ya uzito wa tende kavu ni sukari yake yenyewe. Sukari hiyo huzifanya zinate, na kwa sababu hiyo tende zilizopondwa hushika vitu vingine pamoja, kama udongo mbichi ushikavyo mawe ya ukuta. Mahali pasipopatikana tende, watu hutumia ndizi mbivu au maembe yaliyokatwa vipande vyembamba, yakaanikwa juani chini ya kitambaa chepesi cha kuzuia nzi, mpaka yakawa kama ngozi laini.

Mtama huleta wanga, ambao ni kuni za mwili. Karanga huleta mafuta, na robo ya uzito wake ni chakula cha kujenga nyama ya mwili. Ufuta nao karibu nusu yake ni mafuta, tena una madini yanayoimarisha mifupa. Hivyo katika kipande kimoja kidogo mna vitu vingi, na kila kimoja chatimiza upungufu wa kingine.

Je, kwa nini vyote hukaushwa au kukaangwa? Sababu yake ni maji. Vijidudu viozeshavyo chakula, na ukungu uotao juu yake, haviwezi kukua bila maji. Tunda likikaushwa, maji hutoka, na sukari iliyobaki huyashika maji machache yaliyosalia, vijidudu visiyapate. Nafaka ikikaangwa huwa kavu, na wadudu waliokuwamo hufa. Basi ukavu ndio mlinzi wa kashata, na unyevu ndio adui yake.

Sasa lafika lile jambo kubwa. Karanga na mahindi vikivunwa na kuwekwa kabla ya kukauka vizuri, huota ukungu, na uko ukungu wa namna moja utoao sumu kali iitwayo sumukuvu. Watu waliula mazao yenye sumu hiyo kwa muda mrefu pasipo kuijua. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa huko Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana; wataalamu walipochunguza chakula chao, waliona kwamba kilichanganywa na karanga zilizoota ukungu. Hivyo ndivyo sumu hiyo ilivyogunduliwa. Nayo haiwadhuru ndege peke yao. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa, baada ya kula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Sumu hii hushambulia ini. Aliye nyingi aweza kufa katika siku chache, na alaye kidogo kidogo kwa miaka mingi aweza kupata saratani ya ini.

Watu wengi hudhani kwamba moto huondoa kila ubaya, kwa hiyo karanga mbaya zikikaangwa sana huwa salama. Dhana hiyo ni ya hatari. Moto huua ukungu wenyewe, lakini sumu iliyokwisha kutolewa haiondolewi yote na kikaango wala na maji yachemkayo. Tena, kukaanga huficha rangi ya punje mbaya, na harufu nzuri huficha harufu ya uvundo. Kwa hiyo hapana budi karanga zichaguliwe zingali mbichi, kabla ya kufika motoni.

Namna ya kuchagua ni hii. Karanga humwagwa juu ya ungo mahali penye mwanga mwingi, nazo hutazamwa punje moja moja. Hutupwa kila punje yenye ukungu, iliyogeuka rangi, iliyosinyaa, iliyopasuka au iliyotobolewa na wadudu. Kazi hii ina faida kubwa, maana mara nyingi sumu nyingi huwa katika punje chache tu. Hata hivyo macho hayaoni yote. Kwa hiyo zikionekana mbaya nyingi, au zikiwa na harufu ya uvundo, gunia zima liachwe. Zilizotupwa wasipewe kuku wala mbuzi, kwa kuwa wanyama nao hudhurika, na sumu yaweza kupita katika maziwa na kumrudia mtu. Hufukiwa mbali na nyumba.

Uchaguzi ukiisha, kazi nyingine ni nyepesi. Vipimo vyake ni hivi: tende zilizotolewa kokwa vikombe 2, bisi za mtama vikombe 3, karanga kikombe 1, ufuta nusu kikombe, na chumvi kidogo sana. Apendaye huongeza hiliki au tangawizi kavu iliyosagwa.

Mtama mkavu hutiwa kidogo kidogo katika chungu kikavu chenye moto mkali, nacho hufunikwa. Ndani ya kila punje mna maji machache. Yapatapo moto hugeuka mvuke, mvuke hutafuta njia ya kutoka, na mwisho ganda hupasuka na wanga hufura ukawa mweupe. Hizo ndizo bisi. Punje zisizopasuka hupepetwa zikatolewa, zisije zikavunja meno. Karanga hukaangwa kwa moto wa polepole huku zikikorogwa daima, kisha husuguliwa maganda na kupondwa zikawa vipande vidogo. Ufuta hukaangwa mwisho, na mpishi asiuache hata kidogo, maana waungua upesi na ukiungua huwa mchungu.

Tende hupondwa kinuni mpaka ziwe kama kinyunga. Zikiwa ngumu hulainishwa juu ya mvuke, wala hazilowekwi majini, kwani maji yakiingia, ukavu umekwisha na kashata haitakaa. Kisha mtu hunawa mikono kwa sabuni, akaikausha, akachanganya vyote pamoja. Mchanganyiko hutandazwa juu ya sinia safi, ukagandamizwa kwa nguvu mpaka unene wake uwe kama kidole, ukawekewa kitu kizito juu yake kwa saa chache. Baadaye hukatwa kwa kisu kikali vipande kama 16.

Vipande hivyo huwekwa katika kopo kavu lenye kifuniko, mahali pasipo joto wala unyevu, navyo huliwa kabla ya siku 7 kupita. Kipande kikionekana kuota ukungu, hakikwanguliwi kikaliwa; hutupwa.

Imebaki kusema nani ale na ale namna gani. Tende hunata katika meno, kwa hiyo alaye na asukutue kinywa kwa maji, na kupiga mswaki kama kawaida. Watoto wadogo wasiotafuna vizuri wasipewe, wasije wakapaliwa na karanga. Wako pia watu ambao miili yao haipatani na karanga au ufuta: wakila kidogo tu midomo huvimba na pumzi huwa nzito. Mtu wa namna hiyo asishurutishwe hata mara moja. Na kashata si badala ya chakula cha mchana. Ni ya kushikiza njaa njiani.

Wahenga walisema, samaki mmoja akioza, wote wameoza. Katika kashata mambo huwa hivyo hivyo, kwa kuwa punje moja mbaya ikipondwa haitengeki tena na nzuri. Wengi humsifu mpishi kwa utamu wa chakula chake, lakini anayeketi juani na ungo wake, akichagua punje moja baada ya moja, kazi yake haionekani katika sinia. Walakini ni yeye aliyewalinda walaji wote.